Kopo la Tatu Kutoka Kushoto

Nilipanga upya makopo ya Bibi kwa nia njema. Mwezi ule nia njema ndiyo pekee niliyokuwa nayo: nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, nimerudi nyumbani kula vya bure.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Bibi alikwenda kwa fundi kuchukua gauni la Kijino, binti wa dada yangu, mtoto wa miaka minne aliyepewa jina hilo kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika. Nikaona nimshangaze. Nikashusha makopo yote kwenye rafu ya jikoni, makopo ya maziwa ya unga, yote sawa, yasiyo na alama yoyote. Nikayaosha, nikayakausha, nikabandika karatasi kwenye kila moja na kuandika kwa herufi kubwa. Kisha nikayapanga kwa alfabeti, kama vitabu vya maktaba. Amira. Chumvi. Dawa ya mende. Kwa miaka yote kopo hilo lilikaa peke yake pembeni, ukutani. Nilidhani maandishi yanatosha kumlinda kila mtu.

Bibi aliporudi nikamvuta mbele ya rafu.

"Unaonaje?"

Akasimama, akanusa hewa. "Panang'aa, mume wangu. Mume nimepata, kazi hana, lakini sabuni anaijua."

Tukacheka. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Alasiri alipika chokoleti. Kakao, siagi, sukari na maziwa ya unga vilikuwa mezani, vimetoka dukani asubuhi ile. Aliweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto, akakoroga taratibu. Alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akalifinya kwa vidole. "Bado." Akadondosha jingine. "Sasa." Nikajiambia, huu ndio ufundi, anapika kwa vidole. Hakuonja hata kidogo. Hiyo ilikuwa sheria yake: pipi ya kwanza huliwa na mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. "Mimi nikianza kuonja," alisema, "mtakula sufuria."

Alifinyanga vidonge kwenye viganja, kimoja kimoja. Kilichobaki kilikuwa kuvigaragaza kwenye sukari ya unga, ile laini. Nilikuwa nimempa kisogo, nasugua sufuria. Nikasikia kifuniko kikifunguka na unga ukimiminwa kwenye sinia.

"Bibi, nikusaidie?"

"Osha vyombo, msomi."

Akachukua vidonge vitatu vilivyokuwa tayari, akaviweka kwenye sahani, akaenda sebuleni akiimba. Kijino alikuwa anamngoja huko tangu mchana, kavaa gauni jipya, akiuliza kila dakika kama imeiva.

Nikageuka kupangusa meza. Kila mwaka sisimizi hutuwahi kwenye chokoleti, na siku hiyo pia walikuwa wamefika, mstari mwembamba kutoka dirishani. Lakini walipofika kwenye unga mweupe uliomwagika pembeni ya sinia, waligawanyika. Waliuzunguka. Hakuna hata mmoja aliyeukanyaga.

Nikatazama kopo lililokuwa wazi. Karatasi yangu. Mwandiko wangu.

Nilikimbia. Sebuleni Bibi alikuwa ameinama, kidonge kati ya vidole viwili, ameunyoosha mkono kuelekea kiti kidogo cha plastiki ambacho Kijino hukikalia siku zote.

"Fungua mdomo, mama. Haya, aaa."

Kiti kilikuwa kitupu. Kijino alisimama dirishani, hatua tatu kutoka hapo, akiziba mdomo asicheke. Alidhani ni mchezo. Kisha uchu ukamshinda, akaanza kumwendea huku mdomo wazi, jino lake lililovunjika likionekana.

"Bibi, usimpe!"

Nilimdaka mtoto kiunoni. Kidonge kikadondoka. Kijino akaangua kilio, "Pipi yangu!", na Bibi akabaki ameinama, mkono hewani.

"Kwani yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa napekua mdomo wa mtoto, vidole vyake, kifua cha gauni. Hapakuwa na kitu.

"Sukari ya unga, kopo la tatu kutoka kushoto," Bibi alisema. "Umeligusa?"

"Nimeyapanga yote. Nimeyaandika, Bibi, kwa herufi kubwa."

Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, kidogo kwake mno. Akaitazama mikono yake myeupe, au akaigeuza tu kama anayeitazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua zile za kwanza. Kwanza ukungu. Sasa hata ukungu siuoni vizuri." Akafumba viganja. "Nikisema, mtaninyima jiko."

Nilimnawisha mikono mara mbili. Nilifunga vidonge vyote na kopo la dawa kwenye mfuko, nikatupa shimoni. Kisha tukasimama mbele ya rafu. Yeye akitaja, mimi nikirudisha: amira, chumvi, sukari ya unga. Akagusa kila kopo kuhakikisha. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, mkono wake ukakuta nafasi tupu, ukatulia hapo.

"Mama yako anarudi saa kumi na mbili," alisema. "Utamwambia?"

"Tutamwambia wote wawili, Bibi. Halafu tupike upya. Mimi nitakuwa macho."

Mlangoni Kijino alikuwa bado anapiga kwikwi, akiomba pipi, na Bibi akageuza uso kuitafuta sauti, akaikosa kidogo.