Sahani ya Mtawala wa Greifenroda

Baba yangu, Mzee Ottomar, hana ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa watu wa Saalheim, na ugomvi wenyewe ulianza kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Zamani hizo mtawala wetu aliishi hapa Greifenroda, katika kasri ambalo leo lina ofisi ya ardhi na popo. Nchi yake ungeivuka kwa miguu kabla chakula cha mchana hakijaiva, lakini ilikuwa nchi, na mji wetu ndio uliokuwa makao yake. Asubuhi moja akafunga virago akahamia Saalheim, ng'ambo ya mlima, eti huko kuna hewa nzuri. Akaondoka na farasi, mbwa, wanamuziki na mpishi wa keki. Baba huisimulia habari hiyo kana kwamba siku ile alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi.

Tuliachiwa sahani moja. Ni ya kaure nyeupe, ukingo wa buluu, na katikati pana mwewe wa dhahabu. Aliileta nyumbani bibi mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa akiosha vyombo kasrini, na tangu hapo inaning'inia ukutani sebuleni, haijawahi kutiwa hata tonge. Nilipokuwa mdogo niliigusa, nikanyimwa keki ya Krismasi. Baba hushikilia kwamba ndiyo pekee iliyosalia ulimwenguni, kwa kuwa nyingine zote wale wezi wa Saalheim wamezimaliza.

Sasa binti yangu Jette, katika wanaume wote wa Ujerumani, akampenda Falk, fundi wa mapaa, kijana mpole kama maji ya mtungini na mzaliwa wa Saalheim. Baba akasema hamzuii mtu kuolewa, ila yeye hatasimama pamoja na watu waliotuibia mtawala. Jette naye akasema bila mkono wa babu yake haingii kanisani, harusi na ingoje. Mume wangu alifariki Jette akiwa bado mchanga, na aliyemshikia baiskeli mpaka akajua kuiendesha ni babu yake huyo. Nilikuwa katikati ya vichwa viwili vigumu, nao wala hawakuona jinsi wanavyofanana. Nilikasirika, na zaidi nilihuzunika.

Tarehe ilikuwa imeshapangwa, na kabla hata mmoja wao hajalegea ikafika siku ya kuamkia harusi. Kwetu siku hiyo wageni huja alasiri na vyombo vyao vya zamani, wakavivunja mbele ya mlango wa bibi harusi. Vigae huleta heri, na maharusi huvifagia pamoja ili wazoee shida mapema. Nilipika viazi vya saladi sufuria nzima, soseji zikawa juu ya makaa uani, majirani wakaja na vikombe visivyo na mikono. Baba alijifungia jikoni, ila dirisha aliliacha wazi asikose neno.

Wa Saalheim wakafika, mbele yao Bi Edeltraud, bibi yake Falk, mwanamke mfupi mwenye kapu kubwa. Hakungoja salamu. Alitia mkono kapuni, akatoa sahani, akaipiga chini kwa nguvu zake zote. Kipande kimoja kikateleza mpaka miguuni pangu. Kilikuwa na mwewe wa dhahabu.

 Nilidhani kuna mpumbavu aliyeitoa yetu ukutani, nikakimbia ndani. Yetu ilikuwepo, imetulia mahali pake. Niliporudi, baba alikuwa tayari nje kizingitini, mahali alipoapa hatakanyaga, amekishika kile kigae kama mtu aliyeokota jino lake mwenyewe.

"Mama, hii umeitoa wapi?" akamuuliza Bi Edeltraud.

"Kabatini, mzee. Ninazo nyingine humu kapuni. Kwetu kila nyumba inazo. Moja paka wangu ananywea maziwa."

"Paka?"

"Ni paka wa ukoo mzuri."

Akamweleza, huku akichagua ya kuvunja tena. Mtawala alipofika kwao alioa mke wa pili, na mke wa pili hakutaka kula katika vyombo vya wa kwanza, kwa hiyo vyote waligawiwa wapishi na wafagizi. Baba akakusanya heshima yake iliyobaki, akasema hata hivyo walituchukulia mtawala.

"Tuliwachukulia?" Bi Edeltraud akaweka kapu chini. "Baba yangu wee, kila jioni huyo mtawala wenu alipuliza filimbi, na mji mzima ulilazimishwa kukaa kumsikiliza. Wazee wetu waliwangoja mje kumchukua. Mbona hamkuja?"

 Baba alikitazama kigae, akanitazama mimi, kisha akageuka akaingia ndani. Jette, ufagio mkononi, akaanza kulia. Falk akamshika bega, na hapo nikampenda zaidi.

Mlango ukafunguka tena. Baba alikuwa na sahani yetu, ameikumbatia kifuani.

"Babu, usiivunje," Jette akasema.

"Nani kasema navunja?"

Akaenda moja kwa moja kwenye meza yangu, akapakua viazi juu ya yule mwewe mpaka hakuonekana, akaongeza soseji na haradali. Mabega yalikuwa yakimtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akampelekea Bi Edeltraud kwa mikono miwili.

"Kula, mkwe. Mtawala aliondoka hapa hajamaliza chakula chake. Malizeni nyinyi."

Bi Edeltraud akala bila haraka, akasema viazi vimepungukiwa chumvi. Baba akamjibu kwamba huyo mpishi ni binti yake, tangu zamani haambiliki. Kisha akamgeukia Jette, akamfuta shavu kwa kidole chenye haradali, akauliza kesho wanatoka saa ngapi kwenda kanisani. Jette akamkumbatia shingoni akiendelea kulia, ikabidi Falk amjibie.