Tantine Feza Hakuonja

Katika Gisenyi nzima hakuna aliyejua mazimwi kumshinda Nyirasafari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena kwa sauti. Halafu alikuwa akikohoa kidogo na kujipunguza. Bon, Gisenyi nzima ni kubwa. Tuseme mtaa wa karibu na bariyeri ndogo ya kuvukia Goma. Na humo mtaani tumwache kando katekista, maana mashetani ndiyo kazi yake. Basi tuseme kwenye benchi la saluni ya Cedric, upande wa dirishani, Ijumaa jioni. Hapo hakuna aliyemshinda, hasa siku alizowahi kufika peke yake.

Saluni ya Cedric ilikuwa ya kunyoa wanaume, lakini Ijumaa jioni hata asiye na nywele alikuwa na shughuli pale. Cedric alikuwa akigeuza televisheni itazame benchi, na watu wanaangalia filamu ya mfululizo, "Kinywa cha Ziwa". Hiyo si filamu ya mbali. Waliitengeneza vijana wa pande zote mbili za mpaka, ufukoni hapa hapa, mpaka ukiangalia vizuri unaweza kuona nguo za jirani yako zikianikwa nyuma ya zimwi. Zimwi lenyewe jina lake Kimeza. Usiku linatoka ndani ya ziwa Kivu, limevaa ngozi ya magamba, linameza wasafiri waliolala kando ya maji. Mchana linavua ngozi, linakuwa mtu kama watu, jirani kati ya majirani. Ni nani? Hilo ndilo lililokuwa likiwanyima watu usingizi kuanzia Nyakiriba hadi Goma.

Kisha mwongozaji wa filamu, kijana Kwizera, mtoto wa Kanzenze aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili kama cha redioni, akatangaza jambo. Atakayemtaja Kimeza kabla ya sehemu ya mwisho, na kueleza sababu zake, msimu ujao ataigiza kama mama mzazi wa Kimeza, au baba yake akiwa mwanamume. Atapewa ngozi. Atapewa meno. Atanguruma.

Nyirasafari aliposikia hayo, moyo ulimruka kama sambaza, wale dagaa wa Kivu, kwenye wavu. Maana lazima mjue: tangu usichana wake, kila Noeli, parokia, kwa mkono wa makatekista wake, ilimpa nafasi moja tu katika mchezo wa kuzaliwa Yesu. Kondoo. Alikuwa kondoo akiwa bikira, alikuwa kondoo akiwa mjamzito, alikuwa kondoo akiwa mjane. Wengine walipanda cheo wakawa wachungaji, wengine malaika, na mmoja mwenye sauti ya chura aliwahi kuwa Herode. Yeye, mee. Sasa amezeeka, mtaa unamwita mukecuru, yaani bibi kizee, magoti yanalia kuliko yeye, na alitaka kitu kimoja kabla ya kwenda: watu wamwogope, hata kwa dakika chache, hata kwa mchezo.

Basi usiku huo alimwomba Mungu, kwa unyenyekevu wote, amjalie kuwa shetani.

Shida ilikuwa Cedric. Cedric naye aliitaka ngozi ile, na alikuwa na nadharia ambayo karibu watu wote waliifuata.

"Ni ule muvuvi wa mu film, ni Makasi," alikuwa akisema huku mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja. "Angalia ile jicho yake. Angalia mwili: mulango yenyewe inamuogopa. Na mutu gani analamba kisu akimaliza kukata samaki?"

"Mutu mwenye njaa," alisema Nyirasafari.

"Mukecuru, we unamutetea kwa sababu anafanana na marehemu bwana yako."

"Bwana yangu alikuwa muzuri kuliko yule. Hakulamba kisu. Alilamba sahani."

Mzee Théogène, aliyewahi kugonga mihuri mpakani mpaka akastaafu, alikuwa na maoni yake ya kisomi. "Zimwi haiko," alisema. "Iko gesi. Ziwa hii chini imejaa gesi, batu banavuta, banaanguka ndani ya maji, kwisha. Serie yote ni gesi."

"Na meno je, mzee wangu? Gesi inavaa meno?"

"Gesi ikiingia kichwa, meno utayaona."

Ndivyo walivyokuwa wakibishana. Nyirasafari mwenyewe kwanza alimshuku katekista wa kwenye filamu, kwa sababu ya chuki binafsi kuhusu mambo ya kondoo. Lakini Ijumaa moja, Cedric akiwa amemfikisha mteja katikati, nusu kichwa kikiwa uwanja na nusu msitu, bibi alisimama akapiga kelele hadi mteja akashika masikio yake.

"Hakuonja!"

"Nani?"

"Tantine Feza! Hakuonja! Rudisha nyuma!"

Tantine Feza, yaani Shangazi Feza, alikuwa mwenye nyumba ya wageni katika ile filamu, mama mpole, mnene wa wastani, kitambaa kichwani, sauti ya asali. Kila msafiri aliyefika alimkumbatia, akamkalisha, akamletea mtungi wa pombe ya ndizi na kummiminia. Watazamaji walimpenda. Wanawake wa Mahoko walifunga vitambaa kama vyake.

Cedric alirudisha nyuma. Feza alimimina, akampa mgeni, akatabasamu.

"Munaona?" alisema Nyirasafari. "Kwetu sisi, mwenye kuleta mutungi anakunywa kwanza, mbele ya macho ya mugeni. Anaonja njo mugeni ajue hakuna sumu. Hata mama mukwe asiyekupenda anaonja. Anakunja uso, lakini anaonja! Na huyu tunamuona tangu sehemu ya kwanza anamimina, anamimina. Hata siku moja hajatia mudomo."

Kila mtu alikuwa akivipitia vikombe vya Feza kichwani mwake.

"Film ni film," Cedric alisema mwishowe. "Huyo Kwizera alisahau tu. Huwezi kuhukumu serie na adabu ya nyumba ya bibi yako."

"Alisahau? We ukitoka nyumbani unasahau suruali?"

"Na batu ambao walikunywa kwa Feza na hawakumezwa? Beko wengi!"

"Hao bado hawajaiva."

Mteja mwenye nusu kichwa alicheka hadi Cedric akalazimika kuzima mashine. Lakini kicheko si kura. Nyirasafari aliporekodi sauti yake na kuituma kwenye kundi la mashabiki, akieleza habari ya mtungi kwa kirefu, na kikohozi chake ndani, na jogoo wa jirani ndani, watu walimcheka wiki nzima. Mtu alichukua picha yake akiuza sambaza sokoni, akamwekea pembe. Cedric alikuwa akiwasikilizisha wateja ile sauti badala ya muziki. Wengine walimwambia mukecuru abaki na samaki wake. Kwizera mwenyewe alijibu kwa mstari mmoja tu: "Asante sana bibi kwa mchango wako." Na asiyejua maana ya "asante kwa mchango wako" hajawahi kuomba kazi.

Nyirasafari alikaa na beseni lake la samaki sokoni, akafukuza nzi, akajiambia labda kweli Mungu alimuumba kondoo na kazi ikaisha.

Halafu Kwizera akatangaza kwamba sehemu ya mwisho imesogezwa mbele, kwa sababu za kiufundi.

"Fundi akianza kusema sababu za kiufundi," alisema Cedric, "ujue kuna kipande kimemubakia mukononi." Lakini hakufikiri zaidi ya hapo, kwa kuwa alikuwa ameanza kujifunza kunguruma mbele ya kioo.

Siku ikafika. Jumapili mchana, baada ya misa na ibada zote, watu walijaa kwenye ukumbi mmoja karibu na ufuko. Wa Goma walivuka na watoto mgongoni, wa vijijini wakaja na viatu vya kanisani. Cedric alikaa mbele na shati jipya. Mzee Théogène alikaa karibu na mlango, kwa ajili ya hewa. Nyirasafari alikaa katikati, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Filamu ikaanza. Giza, maji, mbwa akibweka. Makasi mvuvi anashuka ufukoni na kisu mkononi, mabega yake yanaziba mwezi. Ukumbi ukashika pumzi. Cedric akasimama kabisa. "Njo huyu! Niliwaambia!" Makasi akaingia majini hadi magotini. Akainama. Akaosha kisu. Akapiga mwayo, akarudi nyumbani, akalala.

"Kaa chini!" watu walimwambia Cedric.

Ikaja nyumba ya Tantine Feza. Mgeni anafika, msichana mdogo, amechoka. Feza anamkumbatia, anamkalisha, analeta mtungi, anamimina. Msichana anapokea kikombe, anakitazama, halafu anamrudishia.

"Tantine," anasema, "onja kwanza."

Mama yangu! Ukumbi ule! Kabla Feza hajajibu, watu walikuwa wamekwisha kugeuka kumtafuta Nyirasafari. Kwenye pazia la filamu, Feza alitabasamu polepole, akaweka mtungi chini, akafungua kitambaa, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa ngozi ya magamba, akaivaa. Mwanamke mmoja akaliita jina la Bikira Maria. Kelele zilizofuata zilizima sauti ya mwisho wa filamu, hakuna aliyeisikia hadi leo. Ngozi ilimzidi Feza, ikawa inaburuzika chini, na mikono yake ikining'inia, hata ikabidi aishike kwa mkono mmoja kama mama anayevuka tope. Lakini nani alijali? Watu walikuwa wamemnyanyua Nyirasafari juu ya mabega, kiti na yote.

"Mukecuru! Mukecuru! Mukecuru!"

Walimpitisha ukumbi mzima. Waliomwekea pembe kwenye simu ndio waliobeba miguu ya mbele. Cedric alisubiri kiti kitue, akapiga goti, watu wote wakimwona.

"Mi nimekubali," alisema. "Kuanzia leo, katika saluni yangu, mazimwi ni kazi yako. Mi nitabaki na ndevu."

"Inuka, mutoto yangu," Nyirasafari alimwambia. "Uliangalia sana jicho ya Makasi. Mwizi haji na sura ya mwizi. Anakuja na sahani."

"Hata hivyo gesi haijakanushwa," alisema Théogène kutoka mlangoni.

Wakampa bibi kipaza sauti, aseme neno. Alivuta pumzi hadi kwenye vidole vya miguu, akafungua mdomo wenye meno machache aliyobaki nayo, akanguruma. Yesu wangu, alinguruma! Ilitoka ngurumo ya Noeli zote, ya kila mee aliyowahi kulia kwa magoti. Watoto wawili walikimbilia kwa mama zao wakilia, na Nyirasafari alipowaona wanalia, machozi yalimtoka yeye pia, ya furaha. Walimwogopa! Ukumbi ulipiga makofi kwa miguu na mikono.

Ndipo Kwizera akapanda jukwaani, suti nyembamba, viatu vyenye ncha. Alimshika bibi bega, akamtangaza mshindi, akasema msimu ujao ndiye Mama Kimeza. Angeishia hapo angelala salama. Lakini makofi ni kama pombe. Ukiyapata ya mwenzako, unataka na yako.

"Ndugu zangu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha redioni, "nataka mjue kwamba haya yote niliyapanga tangu siku ya kwanza. Kabla hatujapiga picha hata moja, nilimwambia mwigizaji wa Feza: wewe mimina, lakini usionje kamwe. Ile ndiyo ilikuwa alama yangu ya siri. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja mwenye macho."

Watu wakapiga makofi. Nyirasafari naye alipiga, taratibu, akimtazama kama anavyomtazama mtu anayesema samaki wake ni wa asubuhi.

"Tangu siku ya kwanza, mutoto yangu?"

"Tangu siku ya kwanza, bibi."

"Na ngozi ya zimwi, ulimushonesha Feza kwa kipimo yake?"

"Kipimo chake kabisa. Sentimita kwa sentimita."

Wakati huo huo, kwa bahati mbaya ya Kwizera, mwigizaji wa Feza alikuwa akipanda jukwaani kuwasalimia watu. Jina lake Umuhoza, mama mlokole wa Goma, na alikuja amevaa ile ngozi ili wapigwe picha. Alikanyaga pindo, akajikwaa, akadakwa na Rutagengwa, lile jitu linaloigiza Makasi mvuvi. Umuhoza alijiweka sawa, akakunja mikono ya ngozi mpaka vidole vyake vikaonekana.

"Kwizera, weh!" alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Alama gani ya siri? Siku ya kwanza si uligombana na mi kutwa nzima? Mi nikakuambia ni mulokole, pombe haiingii mu kinywa yangu, hata ya kuigiza. Ukanibembeleza, nikakataa. Ukasema basi tumimine tu, hakuna mutu ataona!"

Ukumbi ukaanza kutikisika kwa kicheko kutoka nyuma kuja mbele. Rutagengwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliivua ile ngozi mabegani mwa Umuhoza, akaivaa. Pindo likafika palipotakiwa. Mikono ikafika palipotakiwa. Ilimkaa barabara, mpaka kifungo cha shingo.

"Na hii kipimo?" Nyirasafari aliuliza kwa upole. "Ni ya nani? Zimwi ilikuwa Makasi mpaka ulisikia sauti yangu, njo ukasogeza mwisho mbele?"

Kwizera alimtazama Rutagengwa, akamtazama Umuhoza, akakitazama kipaza sauti kama kwamba ndicho kilichosema. Masikio yake yalikuwa mekundu kama volkano ya Nyiragongo usiku.

"Sasa," alisema, "nani anataka soda?"