Godoro la Upepo na Mikono ya Abdulnasiri

Mwanamume anayejisifia mikono yake mbele ya mgonjwa mimi simpi hata kigoda akalie.

Nilikuwa nimelala chali kwenye chumba cha upasuaji, kuanzia kiunoni kwenda chini nimekufa ganzi, mirija imeingizwa ndani hadi kwenye saratani yangu ya mlango wa kizazi. Humo ndimo mionzi ingepita. Daktari aliniinamia akasema, "Bibi Waridi, mirija hii isisogee hata upana wa punje ya mtama. Ikisogea, mionzi itauacha ugonjwa iunguze kibofu." Kisha akatangulia chumba cha picha kutuandalia.

Muuguzi wangu, Restuta, alikuwa amenitandikia godoro jembamba kabla sijalala. Ukiliunga na mashine yake linajaa upepo, na upepo mwingine unatokea kwenye vitundu vya chini, basi wewe unateleza kwenda kitanda cha pili kama andazi juu ya mafuta. Msichana anakusukuma kwa kiganja.

Hilo la kiganja ndilo lililomuudhi Abdulnasiri.

Abdulnasiri ndiye mkubwa wa wabeba wagonjwa. Sisi watu wa mjini tunamjua zaidi mazikoni. Jeneza likitoka tu, yeye yuko mbele, anawapiga vikumbo hata watoto wa marehemu. La mume wangu, Swedi, alilibeba hivyohivyo, kichwa juu, anaangalia nani anamtazama.

Akaingia na wenzake, anakunja mikono ya shati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Restuta, zima hilo dude lako lenye makelele. Bibi mwenyewe mwepesi kama pamba. Tunashika shuka, moja, mbili, tatu, kwisha."

"Kaka, daktari amesema..."

"Daktari ameshawahi kubeba mtu?"

Wenzake wakacheka. Akachomoa waya ukutani, godoro likanywea chini yangu. Nikaviona vidole vyake vinene vinakamata shuka karibu na bega langu. Miguu yangu ilikuwa hainisikii. Ulimi ulikuwa unanisikia vizuri sana.

"Kitendawili!"

Akashtuka. "Bibi, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina abiria wawili. Wa kwanza mtikise, mrushe, halalamiki. Wa pili ukimtikisa kidogo tu umemharibu."

Akafikiri. Kufikiri kulimtoa jasho ambalo kubeba hakujapata kumtoa. "Gunia la mkaa na trei ya mayai?"

"Nipe mji."

"Nakupa Dodoma yote."

"Nimeingia Dodoma, nimepokelewa na wenye akili, wewe sikukuona. Wa kwanza ni maiti. Wa pili ni mimi. Umezoea majeneza, baba, na aliyemo kwenye jeneza hana mirija. Achia shuka."

"Bibi, unanidharau."

"Ndiyo, nakudharau. Rudisha waya."

Wenzake wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Restuta hakungoja, akachomeka. Godoro likavimba, likaninyanyua polepole. Restuta akashika upande huu, mbebaji mmoja upande ule, nikateleza bila hata kichwa kucheza kwenye mto. Abdulnasiri alisimama ukutani, mikono yake mikubwa inaning'inia kama soksi zilizoanikwa.

Kwenye chumba cha picha, daktari aliikodolea macho picha, nami nikaikodolea midomo yake.

"Ipo palepale, bibi."

Ndipo nikapumua. Mionzi ikapitishwa.

Alasiri nikiwa wodini, nikamsikia Abdulnasiri koridoni anamwambia mtu, "Lile godoro bila mimi kulisimamia, yule bibi angeharibika." Kisha akachungulia mlangoni, anachekacheka.

"Bibi, hatujagombana, sivyo?"

"Tugombane kwa lipi, mwanangu? Nikifa wahi mapema, wapige watu vikumbo, unibebe kwa shuka, kwa mabega, unavyotaka. Lakini wiki ijayo nina mirija tena. Ukiingia, ingia na mikono mfukoni."