Mashahidi wa Chini ya Theluji

Ijumaa alasiri Borghild alilaza mbao za kutelezea thelujini juu ya viti viwili vya jikoni, matumbo juu, akavaa miwani, akazitazama kama mtu aliyeletewa samaki mkubwa na hajui aanze kumpara upande gani. Mbao zenyewe alikuwa ameazimwa na shoga yake Aslaug, mwanamke mrefu, kwa hiyo upande mmoja ncha ziligonga jokofu na upande wa pili mikia ilizuia mlango. Paka alipita chini yake bila kuinama.

Borghild alikuwa na miaka sitini na mitatu, na Jumapili ingekuwa siku yake ya kwanza kuteleza. Huko Haugdal mtoto hujua kuteleza kabla hajajua kufunga vifungo vya koti, na mtu mzima asiyewahi kuteleza husemwa kama mtu asiyewahi kunywa maji. Lakini mwezi wa nne daktari wa mjini angemtoa goti la kulia na kumwekea la chuma, na Borghild alitaka kushuka ule mlima japo mara moja akiwa na magoti aliyozaliwa nayo.

Mlima ulianzia nyuma ya nyumba ya jirani yake, Tarjei, ukaishia kwenye konde la Borghild. Katikati yake palikuwa na ukanda wa ardhi wa upana wa mita kama arobaini. Ukanda huo ulikuwa mali ya Eivind, baba yake Borghild, mpaka ule msimu wa baridi ambao binti yake alitimiza miaka sita. Asubuhi moja jiwe la mpaka lilikutwa limeshuka mlima. Badala ya kusimama kwenye ukingo wa juu wa ukanda lilikuwa limesimama kwenye ukingo wa chini, na Olav, baba yake Tarjei, akasema limekuwa hapo tangu enzi. Wapimaji walikuja, wakapima kuanzia pale jiwe lilipo, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Desturi ya bonde lile ni kwamba chini ya kila jiwe la mpaka huzikwa vipande viwili vya jiwe moja lililopasuliwa. Huitwa mashahidi, maana jiwe kubwa likihamishwa wao hubaki, na mtu akiwaunganisha huingiana, hawawezi kukana. Eivind alichimba kiangazi kizima akiwatafuta, hakuwaona. Ndipo akaapa kwamba hakuna mtu wa damu yake atakayeteleza juu ya ardhi ile mpaka jiwe lirudi mahali pake.

Jiwe halikurudi. Eivind alikufa, Olav alikufa, Tarjei akarithi, na mlima akauachia chama cha michezo ya theluji bure ili watoto wacheze. Kila mwaka kwenye mkutano mkuu wanachama walimpigia makofi kwa ukarimu wake. Borghild alikuwa mwanachama pia. Kila Jumapili ya msimu alioka mikate midogo ya iliki, akasimama upande wake wa jiwe, akapitisha sinia juu yake.

"Sasa utashukaje?" Aslaug aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la kuni, kwa kuwa viti vyote viwili vilikuwa na kazi.

"Nitaanzia juu kwa Tarjei. Nikifika kwenye ukanda, navua mbao, naziweka begani, naukata kwa miguu. Nikishalipita jiwe, navaa tena."

"Shoga yangu, kutoka juu hadi kwenye ukanda ni kama kutoka hapa hadi chooni. Hapo utakuwa umeteleza, au umeanguka kwa heshima?"

"Baba alisema kuteleza. Kutembea hakukutaja."

"Baba yako yuko kaburini, Borghild."

"Ndiyo maana siwezi kumuuliza."

Aslaug alicheka mpaka sanduku likalia, kisha akatoa mfukoni kipande cha nta ya bluu. Akasema mtu mwenye akili hupaka bluu tu, na mwenye kumshauri vingine hamtakii mema.

Watu wa Haugdal hawagombani kwa sababu ya dini wala siasa. Hugombana kwa sababu ya nta. Nta ndiyo humwezesha mtu kusukuma bila kurudi nyuma na kuteleza bila kukwama, na kila theluji ina yake, na kila ukoo una yake zaidi. Jumamosi asubuhi mwenye duka alimpa Borghild nta nyekundu, akamwambia bluu ni ya watu wasio na aibu. Mchungaji alipiga simu kusisitiza gundi, ile nzito ya kwenye tyubu, ambayo yeye mwenyewe aliitumia mwaka aliopata medali. Adhuhuri Tarjei alibisha hodi, akakung'uta viatu, akaingia na kisanduku chake.

"Zambarau," alisema. "Usimsikilize mtu."

"Nakushukuru, jirani."

Tarjei alikuwa mtu mwema. Alimsafishia Borghild njia ya theluji kila asubuhi kwa trekta lake, na hakuwahi kudai hata asante. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Halafu, kuhusu ule ukanda. Mimi nakuruhusu. Teleza tu, moja kwa moja, usivue kitu."

"Najua hujamnyima mtu, Tarjei. Lakini siyo ruhusa ninayoikosa."

"Mambo ya wazee hayo."

"Ndiyo. Nipe hiyo nta."

Borghild alikuwa amelelewa kutorudisha zawadi ya jirani. Jioni ile alipaka bluu, akaisugua kwa kizibo mpaka ikang'aa. Juu yake akapaka zambarau, juu yake nyekundu, na juu ya zote akaminya gundi ya mchungaji mpaka tyubu ikabaki ngozi. Kisha akaandaa nguo: sufu ya ndani, sufu ya kati, sufu ya nje. Akakata mkate, akaupaka siagi na kuuwekea jibini ya kahawia, akaweka machungwa mawili na chupa ya kahawa. Akaoka mikate ya iliki, maana Jumapili ni Jumapili. Alipokwisha akajilaza, na huko nje theluji mpya ikaanza kuanguka, kavu na laini kama unga wa ngano.

Gundi ile ni ya theluji kuukuu, iliyoloa na kuganda. Kila mtu Haugdal anajua kwamba haikaribishwi kwenye theluji mpya. Lakini Borghild alikuwa ameambiwa mengi, na hilo lilikuwa limepita katikati ya mengine.

Asubuhi jua lilitoka, na nusu ya bonde ilikuwa mlimani. Gudny, mwenyekiti wa chama, alikuwa akipanga vibendera vya mashindano ya watoto. Borghild alizunguka kwa njia ya msituni ili asikanyage vibendera, akafika juu akihema, akavaa mbao. Alijisukuma kwa fimbo. Hakwenda popote. Alijisukuma tena. Theluji ilikuwa imeshika mbao kama ukoko unavyoshika sufuria.

"Rudi nyuma kidogo, uchukue kasi!" Tarjei alipiga kelele kutoka chini.

Borghild aligeuka, akapanda hatua chache kuelekea nyumba ya Tarjei, na theluji ya mlima mzima ikamfuata. Ilitoka kwa kipande kimoja, kuanzia juu hadi kwenye jiwe la mpaka, kama shuka anayovuliwa mtu aliyelala. Watu waliokuwa juu yake walinyanyua miguu mmoja mmoja ikapita. Kibanda cha kahawa kiliyumba, kikatulia. Borghild alipohisi uzito alisimama, akatazama nyuma, akaona mlima mtupu.

"Ni gundi hiyo," alisema mwenye duka.

"Nilimwambia bluu," alisema Aslaug.

Theluji ya Haugdal hutunza vitu jinsi ilivyovikuta, kwa hiyo watu walishuka kutafuta vyao. Aslaug aliokota meno ya bandia aliyoyaangusha alipokuwa mchumba, akayafuta kwa skafu. Mchungaji alipata glavu tatu, zote za kushoto. Ila kwenye ukanda ardhi haikuwa ile iliyojulikana kila kiangazi. Ilikuwa ardhi ya Eivind ya msimu ule wa zamani. Vilikuwepo viguzo vyake vya kuanikia majani, na mundu wake ulioning'inizwa. Kutoka ukingo wa juu hadi chini palikuwa na mfereji mpana, uliochimbwa na kitu kizito kilichoburutwa, na pembeni yake nyayo za farasi.

Tarjei aliinama akazichunguza. "Huyu ni Svarten wetu," alisema. "Alikuwa na ufa kwenye kwato ya kushoto. Unaonekana hapa."

"Unaonekana," Borghild alikubali. Alikuwa amevua mbao, akaja kwa miguu.

Pale mfereji ulipoanzia palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mashahidi wawili, wamelala wakitazamana. Borghild alipiga goti zuri, akawatoa, akawaunganisha. Waliingiana kama meno ya juu na ya chini.

"Wanaingiana," alisema Tarjei.

"Wanaingiana."

Gudny alimimina kahawa, akawapa wote wawili.

Kando ya shimo, zimesimikwa ardhini, palikuwa na mbao mbili fupi za mti wa mbetula, ncha zimekunjwa kwa mvuke, na kamba za ngozi za kufungia viatu vidogo. Borghild alizitambua. Baba yake alizichonga msimu ule, na Jumamosi moja walizipaka lami pamoja jikoni, kwa sababu Jumapili ingekuwa siku yake ya kwanza. Asubuhi ya Jumapili hiyo ndipo jiwe lilipokutwa chini. Alizing'oa, akazisimamisha ubavuni mwake. Zilimfika juu kidogo ya goti, lile lile la kwenda kutolewa.

"Ni kazi nzuri," alisema Tarjei. "Mzee alikuwa na mkono."

"Alikuwa nao. Na jiwe je, Tarjei?"

Tarjei alitazama mfereji, kisha kibanda cha kahawa, kisha kamba ya kuvutia watu mlimani, ambayo nguzo yake ya chini ilikuwa imejengewa zege kando ya jiwe. Akanywa kahawa yake yote.

"Zege hilo limeshika sana," alisema. "Na hati zimeshaandikwa."

"Watoto wanapata baridi," alisema Gudny. "Turudishe theluji."

Walishika upindo wa theluji, watu sitini au zaidi, wakaushusha kwa wimbo mpaka kwenye jiwe, wakaukanyagakanyaga pembeni usipeperuke. Borghild alikuwa amewarudisha mashahidi mahali pao, ila hakuwafukia. Aliwasimamisha wameegemeana. Theluji ilipotandazwa pakabaki kinundu ukingoni mwa ukanda, kama mtu aliyekunja magoti chini ya blanketi. Tarjei alizikwangua mbao gundi yote kwa kisu, akazipaka zambarau kwa mkono wake mwenyewe, akaisugua vizuri.

"Sasa utateleza," alisema.

Akateleza. Kwa siku zote zile Haugdal nzima ilikuwa imemfundisha nta, na hakuna aliyekumbuka kumfundisha kusimama. Borghild aliuona ukanda ukija. Aliwaza kuvua mbao. Wakati bado anawaza, alipanda kinundu cha mashahidi, nacho kikamwinua.

Hakuinuliwa kwa kishindo. Aliachia ardhi taratibu, mbao zikiwa sambamba, akauvuka ukanda hewani kwa mwendo wa mtu anayepita kanisani kutafuta kiti. Chini yake aliona kibanda, vibendera, vichwa vya watoto.

"Kunja magoti!" Aslaug alimpigia kelele.

"Yote mawili?"

"Yote mawili, mjinga wewe!"

Alikunja. Alipita juu ya jiwe la mpaka, akatua kwenye konde lake mwenyewe, akateleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hadi kwenye rundo lake la kuni, likamsimamisha. Alicheka peke yake pale penye kuni mpaka kofia ikamwanguka.

Tarjei alikuja hadi kwenye jiwe, akasimama upande wa pili.

"Umetua vizuri. Mkono wa kushoto tu ulikuwa chini."

"Nitaurekebisha."

"Hewa ya huko juu nayo ni ya shamba langu, ujue," alisema bila ubaya wowote. "Lakini kwako sitasema neno."

"Sikugusa kitu," alisema Borghild, akachukua sinia aliyokuwa ameiacha juu ya kuni, akampitishia mkate wa iliki juu ya jiwe.

Jumapili iliyofuata aliruka tena, na iliyofuata, mkono wa kushoto ukiwa juu. Mbao za mbetula alizitundika juu ya mlango wa jikoni. Mwezi wa tatu chama kilifanya mkutano mkuu. Kilikubaliana kuacha kinundu kilivyo, maana watoto wanakipenda, na kukiwekea kibendera. Kisha Gudny alimshukuru Tarjei kwa kuwaachia mlima wake kwa mwaka mwingine, na wanachama wote wakapiga makofi. Borghild naye alipiga, kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko wengine, akiwa amevaa glavu zake za sufu, zisizotoa sauti.