Malka Isiyoombwa

Qabale binti Bonaya alikuwa na ugonjwa wa watu wenye akili: akilijua jambo asubuhi, lazima awe amelisema kabla ya adhuhuri. Ukimwambia ngoja, hasikii. Na mwaka wake wa tatu chuoni ndio uliomzidishia.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha binafsi, ghorofa moja mjini Garsen juu ya duka la mabati na misumari. Kitivo cha sheria kilikuwa madarasa mawili na maktaba yenye makabati manne, na muuza duka akianza kukata mabati huko chini, mhadhiri hunyamaza mpaka amalize. Watu wa mjini walikicheka chuo hicho. Lakini thubutu ukicheke mbele ya Mzee Bonaya! Yeye, mfugaji wa Minjila asiyejua kuandika hata jina lake, kila alipopita na ng'ombe alisimama akawaonyesha wenzake dirisha la juu kwa fimbo. "Mle ndani," huwaambia, "mwanangu anasoma mambo ya serikali." Kila muhula madume walishuka sokoni kwa ajili ya masomo hayo, na mkewe Gumato alipoguna, mzee alimjibu kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye.

Sasa, ili uielewe balaa hii, lazima kwanza uijue malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Mto Tana ni wa Mungu, lakini kingo zake zimelimwa, na ng'ombe hawezi kuruka juu ya mahindi ya watu. Malka ya kina Bonaya ilipita katikati ya shamba la Mzee Hiribae. Bonaya ni Muorma, Hiribae ni Mpokomo. Watu wa mbali wakisikia makabila hayo mawili yametajwa pamoja hushika vichwa, maana wamesikia mengi, na mengine ni kweli. Lakini hata mwaka ule wa damu, vijana wa pande zote walipochomeana nyumba, malka ya Hiribae haikufungwa hata siku moja.

Na ilikuwa na adabu yake. Kiangazi kikianza na mabwawa yakikauka, Bonaya alikwenda kwa Hiribae peke yake, bila ng'ombe, amebeba kibuyu cha samli, kwani mkono mtupu haulambwi. Alisimama nje ya ua akakohoa. Alikaribishwa, akaletewa chai. Wazee wale walizungumza habari za magoti yao, za wajukuu, za viboko wanaoharibu mahindi. Habari ya njia haikutajwa kabisa. Mpaka Bonaya ainuke kwenda zake ndipo husema, kama neno lililomponyoka tu, "Hiribae, ng'ombe wangu wana kiu." Naye Hiribae hujibu, "Mto si wangu, Bonaya." Kisha huchukua panga akaenda mwenyewe kuiondoa miiba iliyozibia njia. Baba yake Bonaya aliomba hivyo hivyo kwa baba yake Hiribae, na hakuna aliyewahi kukataliwa.

Haya. Siku moja, kiangazi kilipoanza, Bwana Mansur, mhadhiri wa sheria ya ardhi, alikuwa akifundisha haki ya njia. Mtu akipita katika shamba la mwenzake miaka ishirini mfululizo, alisema, akipita waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, sheria humpa njia ile iwe haki yake, na mwenye shamba hawezi kuifunga tena. Lakini anayeomba ruhusa hana haki. Huyo anapita kwa hisani, na hisani huondolewa wakati wowote.

Qabale alisikia damu ikimpanda usoni. Miaka ishirini! Kina baba yake walikuwa wakipita pale tangu kabla ya Uhuru. Maneno ya mwanzo ya mhadhiri aliyashika kwa mikono miwili. Yale ya mwisho aliyachukua kama onyo la siku zijazo tu: basi, tangu leo tusiombe. Hakuuliza swali. Mabati yalipoanza kukatwa chini, yeye alikuwa keshafunga daftari.

Alifika nyumbani akamkuta baba yake anafuta vumbi kibuyu.

"Unakwenda wapi, Aba?"

"Kwa Hiribae."

"Kuomba njia?"

"Kumsalimia."

"Na njia?"

Mzee alicheka. "Na njia nayo. Kwani wewe huijui safari hii?"

"Usiende, Aba. Ile njia ni haki yako. Tumefundishwa. Mwenye kuomba hana haki, sheria ndivyo inavyosema. Ukienda na hicho kibuyu unakiri mbele ya watu kuwa pale huna chako."

"Mwache babako aende," alisema Gumato kutoka jikoni. "Chai ya watu inapoa."

Lakini Bonaya alikuwa ameacha kufuta kibuyu. "Yaani," aliuliza polepole, "miaka yote hii mimi nimekuwa ombaomba?"

"Hukujua, Aba," alisema Qabale, kwa upole, wallahi, na kwa mapenzi. Hapo ndipo alipomchoma.

Mzee alikiweka kibuyu chini. Aliona haya, na papo hapo aliona fahari. Alimpeleka mtoto huyu shule ili siku moja aje amwambie asiyoyajua. Leo amemwambia. Angemkatalia vipi?

Asubuhi yake alishuka na kundi zima. Miiba aliitoa mwenyewe. Hiribae alikuwa anapalilia. Aliinua mgongo, akasimama na jembe lake akingoja kusalimiwa, kama ilivyo kwa mtu yeyote aliyelelewa. Bonaya aliinua fimbo akasema, "Napita kwenye njia yangu." Basi. Hakuongeza neno, maana binti yake alikuwa amemwonya asijadiliane.

"Bonaya," Hiribae aliita nyuma yake. "Una nini? Nimekukosea wapi?"

Bonaya hakugeuka. Kugeuka alikutaka, shingo ilimwasha, lakini hakugeuka.

Kesho yake malka ilikuwa imezibwa upana wote, kwa magogo na miiba mibichi, na wana wa Hiribae wamekaa upande wa ndani. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nao. "Njia yako iko wapi?" aliuliza. "Nionyeshe. Mimi hapa naona shamba langu." Wazee wa pande zote mbili walijitolea kuwakalisha chini wapatane. Bonaya alikuwa tayari. Nani aliyekataa? Qabale! Alisema maneno haya ni ya mahakamani, wala si ya kukalia mkekani. Lo, mtoto yule! Ningekuwa karibu ningemziba mdomo kwa kiganja.

Alirudi mbio chuoni kumtaka Bwana Mansur amsaidie kufungua kesi. Alimweleza yote, mpaka kibuyu. Mhadhiri alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Mlikuwa mkiomba?"

"Kila mwaka. Lakini tumeacha."

"Mmeacha lini?"

"Kiangazi hiki."

Bwana Mansur alivua miwani. "Basi hesabu yenu inaanza kiangazi hiki, Qabale. Ile miaka yote mzee aliyoomba na kupewa haihesabiki hata mmoja. Alipita kwa ruhusa. Mahakamani, kile kibuyu ndicho ushahidi wa kwanza dhidi yenu."

"Kwa hiyo hatuna kitu?"

"Mlikuwa na jirani," alisema mhadhiri, na akaonekana kujuta kulisema.

Qabale alishuka ngazi hajui anakanyaga nini. Alikaa kwenye kibaraza cha duka la mabati akalia wazi, watu wanapita, hajali. Alikuwa amesoma nusu ya jambo akaenda kulifanyia kazi zima, na kazi yenyewe ilikuwa maisha ya baba yake. Nyumbani ndama walikuwa wameshaanza kufa. Malka nyingine iliyo karibu zaidi ilikuwa mbali sana, na makundi ya watu wengine yalijaa huko yakigombania zamu.

Basi alifuta machozi akaenda kwa Hiribae moja kwa moja, kwa miguu. Alisimama nje ya ua, akakohoa. Mzee alimkaribisha.

"Kosa ni langu, Baba Hiribae. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Nilijua si yeye," alisema Hiribae. "Mwanangu, mimi sikufunga kwa sababu ya samli. Samli yenyewe mke wangu haipendi, humpa dada yake. Nilifunga kwa kuwa alinipita kama gogo. Mtu niliyemficha chini ya kitanda changu mwaka ule wa damu!" Akageukia upande wa mto. "Ng'ombe wanalia usiku, hata mimi silali."

"Basi tufungulie. Mimi naomba kwa niaba yake."

"Njia haiombwi na mtoto ilhali baba yu hai. Nikifungua hivi hivi, wanangu wataniuliza kama shamba bado ni letu. Mwambie aje. Aje hata mikono mitupu. Akohoe tu pale nje, na miiba nitaitoa kabla hajakaa."

Jamani, alivyokimbia binti yule! Viatu alivishika mkononi. Alimkuta baba yake ameketi karibu na zizi, na ng'ombe wamesimama wote wameelekeza pua upande wa mto, maana maji wanayanusa. Alimweleza akihema, na Gumato alitoka jikoni akafungua mikono kumshukuru Mungu.

Bonaya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Siendi."

"Aba, amekubali! Ni kukohoa tu!"

"Nimesikia. Siendi." Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. "Qabale, zamani nilikuwa nikienda kwa Hiribae nikidhani nasalimia. Sikujua kama naomba. Nilikunywa chai yake nikiwa mtu mzima mbele ya mtu mzima. Sasa nimeshajua. Nikienda leo, nitakuwa naomba kweli."

Gumato alimshika mkono. "Mume wangu, mtaka cha mvunguni si huinama?"

"Nimeinama maisha yangu yote, bila kujua. Hiyo yatosha."

Qabale alijitupa miguuni pake. "Nilikosea, Aba! Nilikuambia vibaya!"

Mzee alimtazama kwa makini. Alikuwa anataka, naapa alikuwa anataka kuambiwa hivyo. "Sheria haisemi kuwa mwenye kuomba hana haki?"

Hapo, ewe mtoto wa watu, ungesema uongo! Neno moja tu, haisemi, na ng'ombe wangekunywa maji kabla ya magharibi. Mimi ningesema, Mungu angenisamehe. Lakini Qabale hakuwahi kumdanganya baba yake, na jibu lilipotoka lilikuwa lile la darasani.

"Inasema, Aba."

"Basi hukukosea," alisema Bonaya, na akampapasa kichwa.

Waliondoka alfajiri kuifuata ile malka ya mbali. Gumato alibaki na ndama waliokuwa bado wanapumua. Qabale alitembea nyuma ya kundi, kwani hakuwa na uso wa kutembea mbele. Ng'ombe wa kwanza alianguka kabla jua halijapanda. Baba yake alimwita kwa jina, akamvuta mkia, akamwita tena, kisha akamwacha. Baadaye akaanguka mwingine, na mwingine, na yule mwekundu mama wa kundi, na huyo, mzee hakumwita kabisa. Qabale alilia mpaka machozi yakaisha, na yalipoisha hakuona hata nafuu.

Adhuhuri walifika mahali uwanda ulipokatwa na seng'enge mpya ya mtu wasiyemjua. Lango lilikuwa wazi, na upande wa pili ungeweza kuiona miti ya mtoni. Hapakuwa na mtu wa kuwakataza. Zamani Bonaya angepita tu, na akikutana na mwenyewe angemsalimia na kumuuliza habari za watoto.

Alisimama langoni akawazuia ng'ombe kwa fimbo, nao wanasukumana kutaka kupita. Akageuka kumtazama binti yake.

"Mwanangu, hapa je?" aliuliza. "Tuna haki ya kupita?"

Qabale alifungua mdomo. Alipekua kichwani yote aliyosoma, muhula baada ya muhula.

"Sijui, Aba."

"Basi tungoje," alisema mzee, na akaketi chini juani, mbele ya lango lililo wazi.