Pembe Zilizozikwa Midrand

Mimi nimechoka, nalisema wazi. Mume wangu Gustave alitaka mizabibu ya kwao Lubero, ile iliyopandwa na mapadri, tukaileta vijiti ndani ya taulo lenye maji mpaka hapa nje ya Midrand. Mbolea ya dukani hataki, dawa hataki. Magugu tunang'oa kwa mikono, mimi na yeye, na mgongo wangu umeshazeeka kuliko mimi.

Mwenye mgahawa mmoja wa Kensington, kule mjini, ndiye pekee aliyekubali kununua divai yetu, kwa sababu tunalima hivyo. Jumamosi alikuwa aje atuone tukifukua pembe. Kabla ya baridi unajaza mavi mabichi ya ng'ombe ndani ya pembe, unazizika mpaka joto lirudi, halafu yale mavi unayakoroga majini na kunyunyizia udongo, ndiyo mbolea yetu. Asipoziona, hanunui. Asiponunua, shamba tunaliacha, tunarudi mjini, Berea, kupanga chumba na watu wasiofunga mlango wa choo.

Mama yake tunaishi naye, lakini Gustave hakumwambia habari za pembe. Eti hataelewa. Nikamwambia mficha uchi hazai, akanuna.

Alhamisi tulirudi kutoka mjini tukakuta moshi. Mama mkwe wangu, Mama Orpha, alikuwa katikati ya mizabibu na wamama wawili wa maombi. Alipokuwa akipalilia, jembe lake liligonga pembe. Pembe imezikwa shambani, imejaa mavi: mtu wa kwetu anahitaji kuelezwa nini tena? Walizifukua zote, wakazimwagia mafuta ya taa, wakazichoma.

“Wanangu, wachawi tumewashinda,” alisema, jasho likimtoka. “Ndiyo maana mizabibu ilikuwa inagoma kuzaa vizuri.”

Gustave aliketi chini palepale. Eish, hasira yote ilinitoka, nikamwonea huruma tu.

“Mama, ni mimi niliyezizika,” Gustave alisema.

Akamweleza polepole, kuanzia mavi mpaka mgahawa. Wamama wa maombi walitazamana, wakachukua mikoba yao, wakaondoka. Mama Orpha alisikiliza mpaka mwisho.

“Nimefunga tangu asubuhi,” alisema. “Nimemwomba Mungu aliyezizika asipumzike mpaka afe.”

“Alikusikia zamani, Mama. Sijapumzika tangu tupande.”

Mama Orpha alikaa kando ya majivu, akamlaza mwanawe kichwa mapajani, akaanza kuomba upya, akimtaja kwa jina. Mimi nikasogea pembeni kumpigia yule wa Kensington, nikamwambia asije. Nilipokata simu, Gustave alikuwa anakoroma.