Beringi ya Upande wa Tusajigwe

Tangu habari zifike kwamba mama yake hali si hali kule Kihesa, Tusajigwe hakukaa kitako. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akachota maji na ndoo zimejaa, akafunga nguo zake kwenye kitenge na kuzifungua tena. Kutoka Uyole hadi Iringa si mwendo wa mguu, na juma lile mabasi hayakuwa na dizeli. Lililobaki ni gari la mumewe, nalo lilikuwa limelala uwanjani tumbo wazi.

Na gari lenyewe sasa! Lutengano alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga barabara ya Zambia. Jekundu, kuukuu, la viti viwili, fupi hivi kwamba mbuzi akisimama mbele yake ndiye anayelitazama kutoka juu. Lililia. Lilianza kwa kunung'unika, likaja kuvuma, na sasa lilikuwa kama linatafuna kokoto. Mzee Yotamu, baba yake Lutengano, aliyeshika spana tangu enzi za Mwingereza na sasa ana mashine ya kusaga nyuma ya nyumba, alikataza katakata lisisafiri.

"Beringi ikikatika njiani gurudumu litatangulia," alisema, "na ninyi mtalifuata korongoni."

Lakini beringi ipi? Lutengano aliapa ni giaboksi. Mzee akaishusha, akamwaga oili, akazungusha kila kitu kwa vidole. Giaboksi nzima, haina kasoro. Akalinyanyua gari nyuma kwa jeki, mwanawe akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka hewani. Mzee akaegemeza kijiti kwenye chuma na ncha ya pili akaiweka sikioni. Hakusikia kitu. Siku ikawa inakwenda.

Jikoni, mgongo ameupa uwanja, Tusajigwe alitamani kupiga yowe. Yeye alijua! Kiti cha kushoto ni chake, na kilio kile kilitokea chini ya kiuno chake. Kona za kulia gari lililia, kona za kushoto likanyamaza. Alikwisha kumwambia mumewe, akachekwa.

"Mke wangu, gari si sufuria."

Lutengano angesikia wapi? Huendesha akiimba, na huimba vibaya.

Amwambie mzee mwenyewe? Afadhali ameze kaa la moto. Mkamwana wa Kinyakyusa hasemi na baba mkwe, hamtazami, hapishani naye njiani. Tangu aolewe, Tusajigwe alimjua mzee yule kwa kikohozi na kwa mvumo wa mashine yake tu. Kikohozi kikisikika, yeye alijifunika na kupotelea migombani. Heshima hiyo alilelewa nayo na hakuwahi kuiona mzigo, ila leo ilimlemea. Mama yake alikuwa anakufa, na dawa ya safari ilikuwa mdomoni mwake.

Kuku alikuwa anadonoa kando ya mafiga.

"Wewe kuku," Tusajigwe akasema, kwa sauti ya kufika uwanjani, "mbona unahangaika bure? Gari linalia kona za kulia tu. Kona za kushoto linanyamaza. Linalia nyuma, upande wangu. Lakini wewe hujapanda gari, utajulia wapi?"

Spana zikatulia.

"Baba, usimsikilize huyo," Lutengano akaanza.

Mzee akakohoa. Kisha akaligeukia gari. "Kumbe ndivyo, wewe gari? Kona ya kulia uzito wote unaegemea kushoto. Mimi nakunyanyua, nakutua mzigo, halafu nashangaa hulii! Haya, niambie na hili: mlimani na mteremkoni, sauti inabadilika?"

Tusajigwe akamwinamia kuku. "Haibadiliki, kuku. Ni ile ile."

"Basi meno ya difu huko nyuma ni mazima," mzee akaliambia gari.

Gurudumu la nyuma kushoto likavuliwa, ekseli ikachomolewa. Beringi ikatoka imeliwa, gololi zake kama mahindi yaliyobunguliwa. Lutengano alipanda baiskeli kwenda madukani Mbeya mjini, akarudi mikono mitupu. Kila duka ni hakuna.

Tusajigwe akakaa sakafuni akalia waziwazi. Akilini aliwaona ndugu zake wakimzika mama yake, na yeye yuko Uyole anasemeshana na kuku.

Huko nje mzee aliipangusa beringi mbovu, akaisoma namba iliyochongwa ubavuni. Akaisoma tena. Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Muda mfupi baadaye mashine ya kusaga, iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi, ikazimwa, na wanawake waliopanga foleni na madebe yao wakaanza kulalamika. Tusajigwe alidhani mkanda umekatika.

Kulipopambazuka waliondoka. Kila kona ya kulia Tusajigwe alibana pumzi, na kila kona gari lilipita kimya. Lutengano naye hakuimba. Walipoifikia misonobari ya Mafinga, mke akauliza.

"Beringi mliipata wapi?"

"Kwenye mashine ya baba. Namba ni moja."

"Na yeye atasagia nini?"

"Hana nyingine." Lutengano alikaza macho barabarani. "Nilimkataza. Akaniambia niendeshe taratibu."

Kihesa walimkuta mama amekonda, lakini macho yakiwa wazi. Tusajigwe akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono.

"Umekujaje, mwanangu, na mabasi hakuna?"

"Baba mkwe ndiye aliyenileta."

Mgonjwa akataka kuinuka. "Umepanda gari moja na mkweo?"

"Hapana, mama, hapana." Akamweleza yote, kijiti, kuku na mashine iliyonyamaza. Alipofika mwisho alikuwa analia tena. "Hata uso wake siujui. Nitamshukuruje, nitamwambiaje ndaga mtu kama huyo?"

Mama alifumba macho, akapumua kwa shida, midomo ikitabasamu.

"Kuku yule," alisema, "msije mkamchinja."